Niliigiza msukule wa tatu kushoto, sikulipwa. Sasa tunapiga filamu ya kuchekesha kuhusu hilo hapa hapa Mwanza

Msukule wa Tatu (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Miaka kadhaa iliyopita nikiwa nakaa Kirumba, jamaa mmoja alipita mtaani akitafuta vijana wa kuigiza misukule. Filamu inapigwa usiku kwenye mawe, alisema, mzigo unakwenda Kariakoo, na sura zetu zitakaa kwenye kava. Tukaenda watu kumi na mmoja. Tukapakwa unga wa sembe usoni, tukaambiwa tutembee taratibu mikono mbele, tusiongee, tusicheke. Usiku wa kwanza hatukula. Usiku wa pili ikaja sufuria ya ugali uliolala na maharage yaliyoanza kutoa povu. Usiku wa tatu prodyuza akasema nauli tutapata mzigo ukishauzwa. Mzigo ukauzwa. Nauli naidai hadi leo.

Kwenye kava alikaa shemeji yake prodyuza, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga yale mawe. Nikanunua CD kwa hela yangu mwenyewe, nikajitafuta. Part 1 simo. Part 2, karibu na mwisho, nyuma ya jiwe, msukule wa tatu kutoka kushoto: nusu ya bega.

Juzi niko kwenye daladala naelekea Igoma ndipo likanijia. Hivi msukule, kwa tunavyosimuliwa tangu utotoni, ni mtu gani? Ni mtu anayefanyishwa kazi usiku, halipwi, haongei, analishwa pumba. Sasa pale kwenye mawe mimi nilikuwa naigiza nini?

Basi tumekaa watu sita tukaandika filamu fupi, kama dakika 25. Kundi la filamu limeishiwa hela. Prodyuza anakwenda kwa mchawi kukodi misukule wa kweli, maana hawadai posho. Misukule wanafika lokesheni. Baada ya siku mbili wanaanza kunung'unika kwamba kule kwa mchawi angalau pumba ilikuwa inafika kwa wakati. Mchawi naye anakuja juu: vibarua wake wanarudishwa wamekonda.

Tuna shilingi 640,000 za kuchanga, simu moja nzuri, na kamera ya mpiga picha wa harusi anayetuachia Jumatatu mpaka Alhamisi tu, wikiendi ana ndoa za watu. Nauliza wajuzi: kuna filamu za namna hii huko duniani, za kutisha na kuchekesha huku zinawasema watengeneza filamu wenyewe? Na mwisho tuumalizeje? Umetushinda.

Dagaa Mchele

Nimekaa paleee juu ya Jiwe la Bismarck nasubiri wajuzi. Nusu ya bega, mbavu sina.

Kijana wa Makoroboi

Mkuu, zipo, na nyingine zimetengenezwa na watu wenye njaa kama yenu. Anza na ya Wajapani, One Cut of the Dead ya mwaka 2017, mwongozaji Shinichiro Ueda. Ilitoka kwenye mafunzo ya waigizaji wasiojulikana, bajeti yen milioni 3, kama dola 25,000 hivi. Juni 2018 ilianza kwenye kumbi 2 tu za Tokyo, ikasambaa Japani nzima na kuingiza zaidi ya dola milioni 30.

Sasa sikiliza inavyokaa. Dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi hata mara moja. Kundi dogo linapiga filamu ya wafu wanaotembea kwenye jengo bovu, halafu wafu wa kweli wanatokea. Na ni mbovu! Waigizaji wanasita bila sababu, kuna sehemu wanakaa kimya mpaka unaona aibu, damu inarukia kioo cha kamera, mtu anaondoka katikati ya sini. Wengi wanaizima hapo. Usizime. Baada ya hapo filamu inakurudisha nyuma ya kamera kukuonyesha kwa nini kila kosa lilitokea. Yule aliyeondoka alikuwa na tumbo la kuendesha. Yule mwingine alikuwa amelewa chakari. Kule kukaa kimya, kumbe filamu inarushwa moja kwa moja kwenye TV, watu walikuwa wanatafuta namna ya kuendelea bila matangazo kukatika hewani. Kila kitu ulichokidharau kinageuka kuwa kicheko, na ukimaliza unawapenda wale watu kama ndugu zako.

Mwongozaji ndani ya filamu anajiuza kwa sifa tatu: haraka, bei rahisi, ubora wa wastani. Niliposikia hivyo nikacheka peke yangu, nikakumbuka Bongo Movie ya miaka ile.

Shemeji wa Bukoba

Kijana wa Makoroboi wewe una roho mbaya. Umeimaliza filamu yote, sasa mimi nikaangalie nini?

Kijana wa Makoroboi

Samahani shemeji. Lakini hata ukijua utacheka, nimeiona mara nne.

Ngosha Mstaafu

Mwadila bhabha. Mimi ni mzee, nilianza kuangalia sinema za ukutani enzi gari la filamu likipita vijijini, kwa hiyo mtanisamehe kwa urefu.

Wazo lako, kijana, lina babu yake. Mwaka 2000 ilitoka Shadow of the Vampire. Inahusu kutengenezwa kwa Nosferatu, ile filamu bubu ya Wajerumani ya mwaka 1922. Wanasema: je, kama mwongozaji alimkodi mnyonya damu wa kweli, akawadanganya wenzake kwamba huyo ni mwigizaji anayeingia sana kwenye uhusika? Willem Dafoe ndiye mnyonya damu, na aliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar kwa hiyo kazi. Utamu wake ni kwamba kadiri filamu inavyokwenda, hujui nani ananyonya zaidi: mwenye meno au mwenye kamera. Na Nosferatu yenyewe ilikuwa na kesi. Waliichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi akashtaki, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Bahati nzuri nyingine zilishatoroka.

Halafu mtafuteni Ed Wood. Huyu alitengeneza Plan 9 from Outer Space, watu wakaiita mbovu kuliko zote duniani. Mwigizaji wake mkubwa, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956 akiwa amepigwa picha za dakika chache tu. Wood hakukata tamaa. Akamchukua mganga wa viungo wa mke wake, mtu mrefu kuliko marehemu na wala hawafanani, akamwambia ajifunike joho usoni filamu nzima. Hela zilitoka kwa Wabaptisti, nao wakataka baadhi ya waliomo kwenye filamu wabatizwe kwanza. Wakabatizwa! Mwaka 1994 Tim Burton akatengeneza filamu ya maisha ya Wood, na aliyeigiza uzee wa Lugosi, Martin Landau, akaondoka na Oscar.

Niambieni, hapa Mwanza ukikosa mdhamini, kuna prodyuza atakayekataa kubatizwa?

Dagaa Mchele

Mzee wangu, na ubatizo wenyewe ziwani, sini imepatikana bure.

Mwenye Banda Mabatini

Wakuu mimi si msomi wa filamu, mimi nauza kiti. Banda langu la video nimelianza enzi za kanda, wakati filamu za nje zinatafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza wote, baba, mama, mbwa na bunduki. Kanda za Lufufu zilijaza banda mpaka watu wanakaa dirishani. Kwa hiyo nawajua watazamaji wa kutisha na kuchekesha vizuri kuliko wanavyojijua.

La kwanza. Mtazamaji wa banda hacheki ulipopanga acheke. Nakumbuka filamu moja, jini linatoka kaburini, muziki mzito, watoto wamejificha chini ya benchi. Mmoja akapiga kelele, "Jini lina saa ya mkononi!" Kweli lilikuwa na saa. Banda zima likalala chini kwa kicheko, na yule mtoto akawa maarufu mtaani kuliko mwigizaji. Kama mtaliweka kosa kwa makusudi, lisioneshwe kwa kidole. Mwacheni mtu wa benchi la nyuma alione mwenyewe.

La pili ndilo kubwa. Hizi filamu za kuwasema prodyuza na mwongozaji zinawachekesha prodyuza na mwongozaji. Mbeba magunia wa Mwaloni prodyuza hamjui. Anamjua nani? Tajiri wa mtumbwi. Anajua kukesha ziwani, kurudi asubuhi na mzigo, halafu tajiri anaanza kutoa: mafuta ya injini, nyavu, chakula, gharama ya hiki na kile, kinachobaki ndio mgawane. Prodyuza wenu akikaa na daftari anatoa gharama za unga wa sembe kwenye posho ya msukule, banda langu litasimama. Hapo hata ambaye hajawahi kuiona kamera atamtambua.

Msukule wa Tatu

Mwenye Banda, nimesoma hiyo ya daftari mara mbili. Naipeleka kwenye skripti usiku huu. Sini yenyewe naiona: msukule yuko kimya, prodyuza analamba kidole, anafungua kurasa. "Unga, nusu kilo. Kutembea taratibu, umechelewesha kazi, faini."

Mwalimu wa Magu

Habari zenu wanangu. Nimefundisha shule za msingi Magu na Kwimba miaka mingi, sasa napumzika. Hadithi ni nzuri na nimecheka, ila nauliza: huyo mchawi wenu ni nani? Anaonekanaje?

Msukule wa Tatu

Shikamoo Mwalimu. Tulimwandika bibi kizee, macho mekundu, anakaa peke yake kwenye nyumba ya nyasi pembeni ya mawe. Tayari tumeongea na bibi mmoja wa jirani, amekubali.

Mwalimu wa Magu

Marahaba. Basi huyo bibi mtoeni.

Mnajua mnakoishi. Kanda hii wazee wetu wa kike wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale si uchawi. Ni miaka hamsini ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Nimefundisha watoto waliowazika bibi zao hivyo. Halafu anakuja kijana na kamera, kwa nia njema kabisa, anamweka bibi yule yule kwenye kioo, macho yale yale, watu wanacheka, na wakitoka bandani wanapita mbele ya nyumba ya bibi mwingine. Kicheko hakifuti kitu hapo. Pengine kinakoleza.

Vilevile msije mkaingiza watu wenye ualbino kwenye hayo mambo ya dawa, hata kwa utani. Siwatishi, nawaomba.

Kijana wa Makoroboi

Mwalimu shikamoo. Nakubali ya ualbino asilimia mia. Lakini ya bibi naona tunajibana. Filamu nzima si inamchekea prodyuza? Mchawi ndiye mwenye utu kuliko prodyuza, anawajali misukule wake. Si ni kumtetea bibi huko?

Mwalimu wa Magu

Unamtetea kwa kusema ni mchawi mwema. Yeye angependa usiseme kwamba ni mchawi.

Mwenye Banda Mabatini

Hapo Makoroboi kaa chini.

Ngosha Mstaafu

Mwalimu amesema. Na mtazameni Bongo Movie za kutisha za mwanzo, zile za kina Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta. Zilitutetemesha kwelikweli na sizidharau, kazi ilifanyika kwa vifaa duni. Waliokuja kuiga baadaye ndio walituchosha. Kila hadithi: mganga wa shuka jekundu, bibi kizee, kicheko chenye mwangwi, na gari linaingia getini dakika tatu nzima. Kama mnataka kuisema biashara ya filamu, semeni hilo. Mwongozaji ndani ya filamu yenu ndiye anayemtaka bibi mwenye macho mekundu. Anazunguka mtaa mzima anamtafuta, kila bibi anamfukuza kwa mwiko. Mchawi wa kweli amekaa pembeni muda wote na hakuna anayemwona, maana ni kijana wa shati jeupe na mkoba, anaitwa wakala.

Msukule wa Tatu

Mzee Ngosha, wakala! Mwalimu, bibi nimeshamfuata jioni hii kumwambia. Amecheka, kasema afadhali, anataka yeye ndiye awe na mwiko. Amepata nafasi kubwa kuliko ya kwanza.

Capripoint Boy

Oya mimi nina wazo la kutisha zaidi. Wekeni mizimu ya MV Bukoba inatoka ziwani usiku. Hiyo itasambaa mitandaoni balaa.

Shemeji wa Bukoba

Mdogo wangu, tarehe 21 Mei 1996 mama yangu mdogo alikuwa ndani ya ile meli. Makaburi yako Igoma, nenda kasome majina kwanza kisha urudi hapa.

Capripoint Boy

Nisamehe dada. Nilizaliwa baadaye, sikufikiri.

Shemeji wa Bukoba

Yameisha.

Karabai

Turudi kazini. Nimesoma mtapiga usiku kwenye mawe. Mna taa?

Msukule wa Tatu

Tochi mbili na taa moja ya harusi. Ile ya mwanga mkali inayofanya bibi harusi aonekane hana pua.

Karabai

Basi sikiliza, mimi niko kwenye dagaa. Dagaa tunavua usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi mingi inapumzika. Siku zile taa zetu za sola zimelala ndani tu. Njoo mwaloni mwezi ukikaribia kujaa, zungumza na wenye mitumbwi, utakodi kumi kwa bei ya soda. Mwanga wake ni mweupe unaoelekea bluu, mtu akisimama mbele yake usiku tayari anafanana na maiti, unga wa sembe mtaokoa. Na mwezi wenyewe unawapa taa ya bure juu ya ziwa.

Ukipiga wakati wa giza utalipa bei kubwa na wale wadudu wa ziwani watakuja. Wale wanaopanda juu ya maji kama moshi. Ukiwasha taa moja wanaingia mdomoni, puani, kwenye kamera. Wanapenda kutoka siku mwezi unapoandama. Usiniulize kwa nini, mimi nimewameza tu.

Fundi Sauti Nyakato

Mimi narekodi kwaya na matangazo. Ushauri mmoja: filamu za hela ndogo watu wanavumilia picha mbaya, sauti mbaya hawavumilii. Kwenye mawe upepo wa ziwa unaanza mchana, jioni unatulia, usiku unageuka unatoka nchi kavu. Pigeni sini za maneno mengi usiku wa manane. Kipaza sauti cha waya cha bei rahisi, kivalisheni soksi ya mtoto, mkifiche kwenye nguo. Na simu ya pili irekodi sauti peke yake karibu na msemaji, pigeni makofi mara moja mwanzoni ili mhariri apate pa kuoanishia.

Msijaze kinanda cha kutisha kila sehemu. Kicheko kinahitaji kimya kabla yake.

Dagaa Mchele

Na damu je? Mimi nataka damu.

Wa Kampala Road

Damu waulizeni Wakaliwood, wale watengeneza filamu wa Uganda. Niko Kampala kikazi, nimewahi kufika Wakaliga anakofanyia kazi Nabwana I.G.G. Ile Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inatajwa kuwa ilitumia kama dola 200. Jamaa anahariri mwenyewe kwenye kompyuta alizounganisha kwa vipande, silaha zimechomelewa mtaani. Si ya kutisha, ni ngumi na helikopta, lakini ninyi mnachotakiwa kuiba pale ni sauti ya VJ Emmie, msimuliaji wao. Yumo ndani ya filamu yenyewe, anachekesha juu ya picha, anamsifu mwigizaji, anaitania filamu kabla mtazamaji hajaitania. Sisi Waafrika Mashariki hiyo tunaijua toka kwenye mabanda, mwenye banda hapo juu ameshamtaja Lufufu. Filamu yenu ikiwa na msimuliaji ambaye naye hajalipwa, analalamika katikati ya kutafsiri maneno ya misukule, mna hazina.

Damu walitumia rangi ya chakula. Msijaribu damu ya machinjioni, ina magonjwa.

Bi Pasiansi

Nimewahi kutengeneza damu ya igizo la Pasaka, Yesu wetu alitoka vizuri. Sukari chemsha na maji mpaka iwe nzito kama asali, rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kijiko kimoja ili isiwe na wekundu wa soda. Ikipoa inatambaa taratibu. Shida yake ni sisimizi. Saa mbili za mazoezi msalaba wote ulikuwa mweusi kwa sisimizi, na Yesu anavumilia kwa sababu amekatazwa kusogea. Pakeni dakika ya mwisho, beba ndoo ya maji.

Nasikia zamani filamu zisizo na rangi walitumia sharubati ya chokoleti.

Ngosha Mstaafu

Ni kweli Bi Pasiansi, Psycho ya Hitchcock mwaka 1960 na Night of the Living Dead ya mwaka 1968 zote walipaka chokoleti. Hiyo ya 1968 ina kisa kinachowahusu hawa vijana. George Romero na wenzake waliipiga maeneo ya Pittsburgh, ndiyo iliyowazaa hawa wafu wanaotembea tunaowaona kila mahali. Msambazaji akabadilisha jina la filamu, na alipobadilisha akasahau kurudisha tangazo la hakimiliki kwenye picha. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kukosekana kwa mstari ule kulitosha. Filamu ikawa mali ya kila mtu. Watu wakaichapa, wakaiuza, na wenyewe hawakuwa na la kuwafanya.

Kwa hiyo kijana, prodyuza wako wa nauli ana ndugu zake Marekani.

Kijana wa Makoroboi

Mzee, ongezea na Roger Corman, prodyuza wa filamu za bei chee wa Marekani, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 98. The Little Shop of Horrors aliipiga kwa siku mbili na usiku mmoja. Mwaka 1976 vijana wake, Joe Dante na Allan Arkush, walipewa siku 10 na kama dola 60,000, wakatengeneza Hollywood Boulevard. Wakabandika humo vipande vya filamu zake za zamani, ajali na milipuko, hawakulipa kitu. Na hadithi ni ya kundi la filamu za bei chee ambalo waigizaji wake wanakufa mmoja mmoja na hakuna anayesimamisha kazi. Bosi alikuwa anasemwa kwa hela zake mwenyewe!

Mstaarabu Ilemela

Kibali je? Naona mnafurahia tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 bado ipo na Bodi ya Filamu ipo. Anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, nendeni na skripti iliyochapwa. Na msije mkasogea Saanane bila ruhusa, kile kisiwa ni hifadhi ya taifa, mtakuta kweli kuna wa kuwatisha.

Msukule wa Tatu

Tulishakwenda. Ofisini walisoma skripti mbele yetu. Mama mmoja akafika kwenye sini ya daftari, akaita wenzake, wakasoma kwa sauti kwa zamu. Tulisubiri saa nzima tukadhani tumefungiwa, kumbe wanaigiza.

Msukule wa Tatu

Wakuu, mrejesho. Tumepiga usiku mbili za kwanza, mwezi unakaribia kujaa, taa saba za dagaa. Karabai, ubarikiwe. Ziwa nyuma lilikuwa kama bati jipya.

Usiku wa kwanza mawe ya Igogo yana ngazi nyembamba za watu kupandia majumbani kwao. Hatukulifikiria hilo. Saa tano hivi misukule wako kwenye mstari, anashuka mama na beseni la samaki kichwani, anawahi mnada. Akawaangalia mmoja mmoja. Sisi tumeganda, kamera inakwenda. Akasema, "Ninyi watoto mmekula?" Akatoa sato wawili wa kukaanga akampa wa mwisho, akaendelea kushuka. Msukule wa mwisho alikuwa hajala tangu mchana, akalia machozi kweli, sembe yote ikachirizika. Tumeiacha sini hiyo kama ilivyo. Mama tumemfuata kesho yake tukamwomba idhini, amesema sawa ila beseni lake lionekane.

Usiku wa pili bibi wa mwiko alimpiga mwongozaji kweli. Mara ya tatu tukamwomba apunguze, akasema hawezi kupiga uongo.

Mwisho bado. Tumebaki na mawazo mawili: misukule wanarudi kwa wakala, au wanaichukua kamera na kupiga filamu yao.

Mwenye Banda Mabatini

Wakichukua kamera ni hotuba. Wakirudi kwa wakala ni huzuni. Wapangeni foleni kwenye meza ya prodyuza na daftari, filamu iishe foleni ikiwa ndefu.

Fundi Sauti Nyakato

Na majina ya mwisho yapite polepole. Wa kwanza kushoto, wa pili kushoto, wa tatu kushoto, kila mtu na jina lake alilopewa na wazazi. Prodyuza nusu jina.

Msukule wa Tatu

Nusu jina! Hiyo imepita bila kikao. Na foleni tunaipiga Jumatatu, nahitaji watu wengi niwezavyo kupata. Chakula kipo, mama wa beseni ndiye mpishi.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, nimejiunga leo ili nijibu huu uzi tu. Mwanzisha uzi, ile filamu ya mawe, prodyuza alikuwa na kofia ya manjano na baiskeli ya gia? Ugali wa usiku wa pili uliletwa kwenye sufuria lisilo na mkono? Mimi nilikuwa wa tisa. Mimi hata bega halikutoka.

Msukule wa Tatu

Wa tisa! Wewe si ndiye uliyepiga chafya kwenye shoti ya kaburi? Uko wapi siku hizi?

Mgeni wa Jukwaa

Sengerema. Nashona viatu.

Msukule wa Tatu

Njoo Jumatatu, saa kumi na mbili jioni uwe Igogo. Nauli unapewa mkononi ukishuka tu kwenye gari.

Mgeni wa Jukwaa

Na ya kurudi?